Wanaume wa kwaya wameenda wapi? Historia ya mashini ndogo ya CD na mafundi walioirekebisha

Wiki moja kabla ya Pasaka, mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Masisi alifika kwa fundi wa redio ninayemfahamu hapa Goma. Alikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa mashini ndogo ya CD, ile ya duara ya kubeba mkononi, bafle moja iliyotolewa kwenye redio iliyokufa, na CD moja iliyoandikwa juu kwa kalamu jina la kwaya ya kanisa lao la kijijini.

Mimi nilikuwa nimekaa pale nikingoja kinasa sauti changu. Mama alisalimia, akaketi, akaeleza shida yake bila haraka.

«Fundi, mume wangu anaimba humu ndani. Anaimba besi. Zamani kwenye mashini ya kanisa tulikuwa tunamsikia vizuri. Kwa hii yangu ninasikia wanawake na watoto tu. Wanaume wa kwaya wameenda wapi?»

Mumewe hakufika Goma. Mtoto wao wa mwisho hajui sauti ya baba yake. Watu wa kambini walikuwa wamemwambia mama kwamba mashini yake ni takataka ya bei ndogo, atafute dola anunue kubwa. Yeye alitaka kujua kama ni kweli kabla ya kuuza kitu.

Fundi aliiweka CD, akasikiliza dakika moja, akasema: «Mama, wanaume wako humu wote. Mashini inawasoma. Inawazuia mlangoni tu, wakati wa kutoka.»

Neno hilo la mlango nililibeba nyumbani. Wasikilizaji wengi mmekuwa mkituuliza kwa nini mashini hizi ndogo zina sauti nyembamba kama ya mtu anayeongea ndani ya kopo. Jibu lake ni historia ya zaidi ya miaka 40, inayoanza mbali na kuishia katika meza ya fundi wetu. Ninawaeleza leo.

Namba ni zilezile kwa tajiri na kwa maskini

Tarehe 8 Machi 1979, kampuni ya Philips ilionyesha waandishi wa habari, katika mji wa Eindhoven huko Uholanzi, mashini iliyocheza muziki kwa mwanga. Mwaka huohuo Philips ilianza kufanya kazi pamoja na Sony ya Japani, na mwaka 1980 wakakubaliana kanuni moja ya CD. Tarehe 1 Oktoba 1982 Sony ikaanza kuuza Japani mashini yake ya kwanza, CDP-101, kwa yeni 168,000. Ilikuwa mashini ya kuweka mezani, ya watu wenye pesa.

Kanuni ile ya mwaka 1980 ndiyo inayotumika mpaka leo, hata kwenye CD ya huyu mama. Sauti inapimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Kila kipimo kinaandikwa kwa namba, na namba hiyo inaweza kuwa mojawapo ya namba 65,536. Namba zote zinachorwa kama vishimo vidogo sana kwenye njia moja inayozunguka kutoka katikati ya CD kwenda ukingoni. Ukiinyoosha njia hiyo, inazidi kilometa 5. Mwanga wa leza unapita juu yake bila kugusa kitu, ukisoma wapi kuna kishimo na wapi hakuna.

Wale mainjinia walijua kwamba CD itashikwa na vidole, itadondoka, itakwaruzwa. Kwa hiyo walitumia hesabu ambayo Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, waliitangaza mwaka 1960. Namba zinachanganywa na kutawanywa, na nyingine za ziada zinaongezwa, ili sehemu ikiharibika, mashini iweze kuzihesabu upya zile zilizopotea. Hata kama kipande cha karibu milimita 2.5 cha njia hakisomeki, mashini inarudisha namba zote kama zilivyokuwa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawalijui. Maadamu CD inasomeka, mashini ya dola 10 na mashini ya dola 1,000 zinapata namba zilezile. Hakuna CD iliyo na besi ndogo kwa sababu inachezwa na maskini. Tofauti inaanza baada ya kusoma, pale namba zinapogeuzwa kuwa umeme, na umeme huo unaposukumwa kwenda masikioni.

Kipande cha ubao

Miaka 2 baada ya CDP-101, mauzo ya CD yalikuwa bado yanakwenda polepole. Sony ilitaka mashini ndogo ambayo kijana anaweza kuinunua. Mkuu mmoja wa kazi hiyo, Kozo Ohsone, aliwaletea mainjinia wake kipande cha ubao chenye upana wa sentimita 13 hivi na unene wa sentimita 4. Aliwaambia watengeneze mashini isiyozidi ubao ule. CD yenyewe ina upana wa sentimita 12, basi unaona jinsi nafasi ilivyokuwa finyu.

Mashini hiyo, D-50, ilitoka Novemba 1984 kwa yeni 49,800, chini ya theluthi moja ya bei ya ile ya kwanza. Ndani hamkuwa na nafasi ya batri. Mtu aliyetaka kutembea nayo alibeba batri katika kasha la pembeni, lenye mkanda wa begani. Lakini ilifanya kazi, na baada ya hapo jina la Discman likaenea, kama jina la Walkman lilivyoenea kwa kaseti tangu mwaka 1979.

Mashini nyingi za kubeba za miaka ile ya mwanzo zilikuwa bado zimejengwa kwa uangalifu. Zilikuwa na matundu mawili ya sauti: moja la spika za masikioni, na jingine la kupeleka sauti safi kwenye redio kubwa ya nyumbani. Hili la pili ndilo lililopotea baadaye.

Namna bei ilivyoshuka

Katika miaka ya 1990 viwanda vilishindana kwa bei, kwa wepesi na kwa muda wa batri. Vitu vinne vilibadilika.

Cha kwanza, mapile. Mashini zilishushwa mpaka zikafanya kazi kwa mapile mawili madogo, yaani volti 3. Umeme ukiwa mdogo, nguvu ya kusukuma sauti nayo inakuwa ndogo.

Cha pili, kumbukumbu ya kuzuia kuruka. Mtu akitembea au akipanda gari, leza inapoteza njia na wimbo unaruka. Viwanda viliweka kumbukumbu ndani ya mashini: inasoma mbele sekunde kadhaa na kuzihifadhi, ili leza ikitikisika, muziki uendelee kutoka kwenye akiba. Sisi tunaopita kila siku juu ya mawe ya volkano tunaelewa faida yake. Lakini ili akiba iwe ndefu kwa chipu ndogo, mashini nyingi zilikuwa zinabana sauti kabla ya kuihifadhi, na kutupa baadhi ya zile namba ambazo watu wa Eindhoven walizihangaikia.

Cha tatu, lile tundu la sauti safi liliondolewa. Likabaki la spika za masikioni peke yake.

Cha nne ndicho kilichomgusa mama wa Masisi. Kwenye njia ya kutokea sauti kuna kipande kidogo kama pipa, kapasita, ambacho mafundi wetu wengi wanakiita kondansateri. Kazi yake ni kuzuia umeme wa batri usipite kwenda kwenye spika, na kuacha sauti tu ipite. Kapasita kubwa inachukua nafasi na inagharimu zaidi kidogo. Kiwanda kinachotengeneza mashini kwa mamilioni kikiokoa senti moja kwa kila moja, kimepata pesa nyingi. Kwa hiyo waliweka ndogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada ya mwaka 2000, viwanda vya China vilikuwa vinatengeneza mashini hizi kwa wingi mkubwa. Wachuuzi wetu wanaokwenda Dubai na Guangzhou walizileta mpaka Butembo, Goma na Bukavu, na nyingine zilikuja zimeshatumika kutoka Ulaya. Wakati simu zilipoanza kucheza nyimbo, watu wa mjini waliziacha. Zikashuka bei tena, zikaenda vijijini, na sasa zimefika kambini.

Waliokataa kuzitupa

Huko Marekani, Ulaya na Japani kulikuwa na watu waliopenda muziki kuliko pesa walizokuwa nazo. Katika miaka ya 1990 na ya 2000 walianza kufungua mashini za bei ndogo ili kuona ni nini hasa kinaharibu sauti. Kuna mashini moja ya kubeba iliyouzwa na maduka ya RadioShack, Optimus CD-3400, ambayo ilipata sifa kubwa miongoni mwao kuliko bei yake. Hata PlayStation ya kwanza kabisa, mashini ya michezo ya watoto iliyotoka Japani mwaka 1994, ilitafutwa sana baadaye na watu wazima waliotaka kuchezea CD tu, kwa sababu toleo la mwanzo lilikuwa na matundu ya sauti nyuma na watu waliipenda sauti yake.

Watu hao walibadilisha karibu kila kitu. Kusema ukweli, mengine waliyoyafanya yalikuwa ni imani tu. Mtu akitumia siku tatu kulehemu waya wa bei kali, sikio lake litapenda kusikia tofauti. Njia ya kujua ni rahisi: mtu mwingine akuchezee bila wewe kuona ni mashini ipi, halafu useme. Mabadiliko mengi yanashindwa mtihani huo. Yanayofaulu ni machache, na hayo ndiyo nitakayowapa hapa chini.

Lakini tusidhani kwamba ufundi wa namna hii ulianza Ulaya. Hapa kwetu Kongo una historia yake. Mzee Mawangu Mingiedi, aliyetoka upande wa mpaka wa Angola akaishi Kinshasa, alikuwa mpigaji wa likembe. Kelele za mji zilikuwa zinaifunika likembe yake. Hakuwa na pesa za kununua vyombo, akatengeneza maikrofoni mwenyewe kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu na nyaya za shaba, akazipeleka kwenye spika za pembe zilizobaki tangu wakati wa ukoloni. Kundi lake, Konono N°1, lilicheza kwa vyombo hivyo miaka mingi mitaani. Mwaka 2004 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa albamu yao, Congotronics, na watu wa Ulaya wakaja kuuliza sauti ile imetoka wapi. Ilikuwa imetoka kwenye chuma chakavu na sikio la mtu aliyejua anachokitafuta. Mzee Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Mlango wa Hezi 200

Turudi kwenye meza ya fundi. Alifungua mashini ya mama kwa bisibisi ndogo. Kapasita mbili za kutokea zilikuwa na maandishi: mikrofaradi 100.

Mafundi wana hesabu ya kujua mlango huo unazuia sauti za chini kuanzia wapi. Unazidisha ukubwa wa kapasita kwa ukinzani wa spika, na jibu likiwa kubwa, mlango unafunguka chini zaidi. Spika za masikioni kwa kawaida zina omu 32. Kwa omu 32 na mikrofaradi 100, sauti inaanza kupungua chini ya Hezi 50. Hiyo si mbaya. Kiwanda kilijua kwamba mtu atasikiliza kwa masikio.

Lakini mama ana watoto wanne. Hakuna familia inayosikiliza kwa spika mbili za masikioni. Kwa hiyo kijana mmoja wa kambini alikuwa amemkatia waya, akaunga ile bafle ya redio moja kwa moja. Bafle hiyo ni ya omu 8. Kwa omu 8, kapasita ileile inaanza kuzuia chini ya Hezi 200 hivi.

Sasa, mwanaume anayeimba besi katika kwaya anatumia noti za kuanzia kama Hezi 80 mpaka zaidi kidogo ya 300. Sauti za wanawake na watoto kwa sehemu kubwa ziko juu zaidi. Maana yake, mlango ule ulikuwa unawapitisha wanawake na watoto wote, na kuwabana wanaume. Mama alikuwa amesikia sawasawa kabisa. Waliomwambia kwamba ni masikio yake, au ni CD yake, walikosea.

Kulikuwa na sababu ya pili. Bafle ilikuwa uchi, bila sanduku. Bafle inasukuma hewa mbele na kuivuta nyuma kwa wakati mmoja. Ikiwa uchi, hewa ya mbele na ya nyuma zinakutana pembeni na kufutana, na zinazofutwa kwanza ni sauti za chini. Ndiyo sababu redio ya zamani ya mbao ya babu ina sauti nzito kuliko mashini mpya ya plastiki.

Fundi alifanya mambo matatu. Alitafuta kifungo cha kuzuia kuruka, akakizima, kwa kuwa mashini itakaa juu ya meza na haina haja ya akiba. Alitoa zile kapasita mbili, akaweka za mikrofaradi 470 alizozinunua mpya, akiangalia upande wa jumlisha na wa toa usigeuke. Hazikuingia ndani ya ganda, basi akazilaza kando na kuzifunga kwa gundi. Kwa omu 8, mlango sasa unafunguka mpaka Hezi 42, chini kabisa ya mwimbaji wa besi. Mwisho, alichukua sanduku la ubao lililokuwa la chai, akalitoboa duara, akafunga bafle humo, na kuziba nyufa kwa vitambaa.

Kazi yote ilikuwa ya jioni moja. Aliomba bei ya kapasita tu.

Mambo ya kuangalia kabla ya kumpelekea fundi

Ninayaweka hapa kwa ajili ya familia zenye mashini kama hiyo, na kwa vijana wanaojifunza kazi.

Anza na yasiyogharimu kitu. Zima kumbukumbu ya kuzuia kuruka kama mashini imetulia, kama ina kifungo hicho. Kwenye mashini nyingi utasikia sauti ikiwa wazi zaidi, ingawa si zote. Safisha lenzi ya leza kwa pamba laini kavu, polepole, bila kukandamiza. Vumbi letu jeusi la volkano linaingia kila mahali.

Kama una redio-kaseti ambayo sehemu ya kaseti imekufa lakini spika zinafanya kazi, mwombe fundi apeleke sauti ya CD kwenye kipaza sauti cha ndani ya redio hiyo. Hapo huna haja ya kubadilisha kapasita hata moja, kwa sababu mlango wa kuingilia wa redio una ukinzani wa maelfu ya omu, na hata kapasita ndogo inapitisha besi yote. Utapata pia nguvu, ambayo mashini ndogo haina. Hii ndiyo njia bora, na fundi alimwambia mama kwamba akipata redio kama hiyo amletee.

Kapasita za zamani zilizotolewa kwenye televisheni mbovu zinakauka kadiri miaka inavyopita. Kama huna kipimo cha kuzipima, nunua mpya. Si ghali.

Usikubali mtu akuzungushie skrubu ndogo iliyo kando ya leza. Ni kweli, ukiizungusha leza inaongeza nguvu, na CD iliyokuwa haisomeki inaweza kusomeka siku mbili tatu. Halafu leza inakufa, na mashini nzima imekwisha. Nimeona mashini zaidi ya moja zilizouawa namna hiyo.

Kubwa kuliko yote ni umeme. Mashini hizi zinataka volti 3 au 4.5. Batri ya pikipiki na ile ya paneli ya jua ni volti 12. Jirani wa mama huyu aliunga mashini yake moja kwa moja kwenye batri ya paneli. Moshi ulitoka kabla wimbo haujaanza. Lazima pawe na kipande cha kushusha umeme katikati, na lazima usome mchoro ulio karibu na tundu, kwa kuwa kwa mashini moja jumlisha iko katikati na kwa nyingine iko nje.

CD yenyewe nayo inazeeka

Kuna jambo moja fundi hakuweza kulirekebisha. Wimbo wa tatu kwenye CD ya mama haukucheza. Mashini ilizunguka, ikatafuta, ikaruka mpaka wa nne.

CD za kiwanda zina vishimo vilivyochapwa na tabaka la alumini. Lakini za kwaya zetu, za harusi na za mahubiri karibu zote ni zile zinazoandikwa kwa kompyuta. Aina hiyo ilionyeshwa na kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani mwaka 1988. Haina vishimo vya kuchapwa. Ina rangi maalumu inayochomwa kwa leza, na rangi hiyo inafifia kwa jua na joto. Chini ya turubai saa sita mchana, CD inateseka.

Watu wengi wanalinda upande unaong'aa na kuulaza ule wa maandishi chini. Ni kinyume chake. Muziki uko karibu na upande wa maandishi, chini ya rangi nyembamba tu. Mkwaruzo wa upande unaong'aa mara nyingi unaweza kusafishwa au kuvumiliwa, kwa sababu ya ile hesabu ya Reed na Solomon. Mkwaruzo wa upande wa juu unabeba wimbo wenyewe, na hakuna hesabu itakayourudisha. Kwenye CD ya mama, mtu alikuwa ameandika jina la kwaya kwa kalamu ya ncha ngumu, akikandamiza. Wimbo wa tatu ulikuwa chini ya jina hilo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa mwisho si wa mashini. Kama una CD ya kwaya, ya mazishi, ya harusi, ya mzazi akiongea, na bado inasomeka, inakili sasa. Kibanda chochote kinachoweka nyimbo kwenye simu kwa kompyuta kinaweza kufanya hivyo. Mwombe mwenye kibanda aihifadhi bila kuibana, halafu weka nakala mahali pawili, kwa watu wawili tofauti. Tunahama sana. Mfuko mmoja ukipotea njiani, mwingine ubaki.

Jioni ile

Fundi alipomaliza, alimpa mama mwenyewe abonyeze kifungo. Wanawake walianza, kama kawaida. Kisha wanaume wakaingia chini yao, na sanduku la chai likatetemeka kidogo juu ya meza.

Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kwenye wimbo wa pili aliinua kidole. «Huyo. Wa kwanza kuingia ni yeye. Siku zote alikuwa anatangulia wenzake kidogo, mwalimu wa kwaya alikuwa anamgombeza.»

Sisi tulikuwa hatusikii tofauti ya mtu na mtu. Yeye alisikia.

Wimbo haujaisha, aliizima mashini. Nilimuuliza kama kuna kitu kibaya.

«Hapana, mwanangu. Ninaweka mapile. Watoto wamekwenda kuchota maji. Nataka wasikie wote pamoja.»

Alifunga kila kitu katika mfuko uleule, sanduku akalibeba kichwani, akaenda. CD tulikuwa tumeshainakili: moja iko kwa fundi, moja iko kwangu. Wimbo wa tatu haumo. Kama kuna mtu aliyekuwa katika kijiji kile na bado ana CD hiyo, yenye wimbo wa tatu unaocheza, alete kwa fundi wa redio yeyote mtaani mwake, aombe itunzwe, na atujulishe. Kuna familia inayoingoja.